Mwaka Niliofuta Chenga

Juzi, kwenye mazishi ya Mzee Barasa huko Misikhu, vijana wa ukoo walikuwa wamesimamisha skrini kubwa chini ya hema, na kabla mhubiri hajashika kipaza sauti wakatuonyesha picha za marehemu moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimekaa safu ya pili na karatasi ya ratiba mkononi, na nilipoinua macho nikamwona bosi wangu wa zamani hana hata kunyanzi moja. Ile mifuko chini ya macho, aliyokuwa nayo tangu siku nilipomjua, ilikuwa imeondolewa, na shavu la kushoto, lenye kovu alilochomwa na taa ya projekta ujanani, liling'aa kama yai lililochemshwa. Watu wakanong'ona kwamba picha ni safi sana. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Aki huyu mzee alikuwa handsome, bana." Nikaondoka kitini, nikamfuata kijana aliyekuwa na kompyuta, nikamwuliza kama anayo picha ya kwanza, ile ya kabla hajaisafisha kwa simu. Akanitazama kwa heshima iliyochanganyika na huruma kidogo. "Ile ya kwanza ilikuwa na chenga, vidoti kila mahali, Auntie. Nilidelete." Nikarudi kukaa. Sikumkasirikia, kwa sababu katika hema lile hakuna mtu aliyekuwa na haki ndogo kuliko mimi ya kumkasirikia mtu kwa kosa hilo.

Mwaka ninaousema ni elfu mbili na tano. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kompyuta, na Mzee Barasa aliniajiri katika duka lake la video mjini Kitale kwa sababu alikuwa amenunua kompyuta na alikuwa akiiogopa. Duka lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na rafu za filamu za kukodisha, na televisheni ya inchi ishirini na moja iliyokaa juu ya friji iliyokufa. Cha nyuma kilikuwa na kompyuta, viti viwili, blanketi la kijivu la kuzuia mwanga, na dirisha dogo lililotazama kibanda cha mama aliyesukuma chapati kuanzia saa nne asubuhi, hivi kwamba kila harusi niliyohariri mwaka ule naikumbuka kwa harufu ya mafuta na maharagwe. Wateja waliingia na swali moja tu: "Picha ni clear?" Mzee Barasa alikuwa na madaraja yake matatu ya kuwajibu. Uji ilikuwa filamu iliyoibwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, ambapo unaona vichwa vya watu na mtu akipita kwenda msalani. Chai ilikuwa nakala ya nakala, rangi zimechujuka lakini mtu bado unamtambua. Maji ilikuwa diski halali ambayo ungeona hata uzi wa kifungo. Aliandika U, C au M kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila jalada, na sikuwahi kumsikia akimdanganya mteja.

Kwa hiyo aliumia kweli siku muuguzi mmoja aliporudisha diski yenye M, filamu ya zamani ya wapanda farasi, akasema imejaa chenga na kwamba sisi ni waongo kama wengine. Mzee Barasa akampa nyingine, akamwomba radhi, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akarudi, akafunga nusu ya mlango, akatoa chini ya kaunta diski mbili za filamu ileile. Moja ilikuwa toleo la kwanza. Nyingine ilikuwa imetoka baadaye, na jalada lake lilijisifu kwamba picha imesafishwa upya.

"Wambui, angalia huo ukuta nyuma ya hii mtu," akaniambia, akiweka ile ya kwanza.

"Unachemka," nikasema.

"Hauchemki. Unapumua. Sasa ngoja."

Akaweka ya pili. Ukuta ukatulia kabisa. Ngozi ya yule mpanda farasi ikawa ya mwanasesere. Halafu ikaja sehemu niliyokuwa nimeiona dakika chache tu zilizopita, watu wawili wakizozana kwenye manyunyu, na katika toleo hili jipya makoti yao yalikuwa yamelowa lakini hapakuwa na manyunyu yoyote. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya simiti, pua karibu iguse kioo, nikamwomba arudishe, na arudishe tena. Sijui kwa nini jambo lile lilinivuta namna ile. Nilitaka kujua mvua imekwenda wapi.

"Filamu si kama hii kompyuta yako," Mzee Barasa akasema. Ujanani alikuwa mwendeshaji wa gari la sinema, lile lililozunguka vijijini na kuonyesha picha kwenye kitambaa. "Ile utepe imepakwa dawa, na ndani ya dawa iko punje za fedha, ndogo kushinda unga. Mwanga ikiingia, punje zinashika. Hizo chenga watu wanalia nazo si uchafu imeanguka juu ya picha. Hizo ndio picha. Ukitoa zote unabaki na karatasi."

"Lakini watu wanataka safi, Mzee."

"Si ninawapatia? Sijakataa." Akacheka, akakuna lile kovu lake. "Nakuambia tu ujue unatoa nini."

Nilielewa maneno yake vizuri, lakini nilidhani ni maneno ya mzee aliyezoea vitu vya zamani. Mimi nilikuwa na programu ya kuondoa chenga, na nilikuwa nimeijua kuliko mtu yeyote Kitale. Ilikuwa na vidhibiti viwili vya kusogeza, na mimi nilivisogeza mpaka mwisho. Maharusi walinipenda. Wakaja na dada zao. Kuna bibi harusi aliyetokwa na machozi alipojiona hana chunusi hata moja, akaniita fundi mbele ya mama mkwe wake, na nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mzee Barasa alinung'unika, lakini kazi ilikuja, akaninyamazia. Alikuwa na masharti yake mengine ambayo hakuyalegeza. Hakuwahi kupiga picha watu wakila, wala harusini wala matangani. Sahani zikianza kupita, kamera inafunikwa kitambaa na kuwekwa chini ya kiti, hata kama mwenye sherehe ni mkubwa wa serikali, kwa sababu alisema hakuna mtu amewahi kufurahia kujiona akitafuna. Na kanda ambayo haitakiwi kurekodiwa tena ilichorwa msalaba. Kanda zilikuwa adimu, tulizirudia mara nyingi. Isiyo na msalaba ilikwenda kwenye droo, na yeyote anayetoka kwenda kazini alichota humo bila kuuliza.

Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka ule. Siku ya joto na vumbi, mama mmoja mzee akaingia dukani akiwa amebeba mkebe wa biskuti uliofungwa kwa leso. Alikuwa mrefu, amevaa sweta juu ya gauni la kanisani, na uso wake ulikuwa na alama za ndui mashavuni, mashimo madogo ambayo uzee haukuyafuta. "Mulembe," akasema, na Mzee Barasa akaruka kutoka kitini kama mwanafunzi. Wakasalimiana kwa Kibukusu muda mrefu. Nilitumwa chai na mandazi kwa mama wa chapati, na niliporudi walikuwa wamegundua kwamba marehemu mume wa huyu mama, Mwalimu Wekesa wa Matulo, ndiye aliyekuwa akimfungulia Mzee Barasa darasa la kuonyeshea sinema. "Huyo mwalimu hakuwa anacheka," Mzee Barasa akaniambia kwa Kiswahili, ili nisiachwe nje. "Hata sinema ya kuchekesha alisimama tu mlangoni, mikono nyuma." Kukhu Nasimiyu, yaani Bibi Nasimiyu, maana hivyo ndivyo alivyoniambia nimwite, akatikisa kichwa polepole. "Alicheka," akasema. "Iko hapa ndani."

Ndani ya mkebe mlikuwa na kigurudumu cha filamu, kidogo kama kisosi. Mzungu aliyefundisha shuleni pale miaka ya sitini alikuwa na kamera ya kuchezea. Alipiga picha siku moja, akaituma kwao ng'ambo isafishwe, ikarudi baada ya karibu mwaka, wakaitazama mara moja tu kwenye ukuta wa darasa. Alipoondoka aliwaachia filamu, akaondoka na mashine yake. Kukhu alikuwa ameihifadhi miaka arobaini chini ya kitanda bila kuiona tena. Sasa kulikuwa na ibada ya kumbukumbu ya Mwalimu inayokuja mwezi wa nane, na Roselyne, kifungua mimba wao, mfanyakazi wa serikali kule Bungoma mjini, alikuwa amekataa kusimama kumzungumzia baba yake.

"Anasema ataongea nini, kiboko?" Kukhu akasema, akivunja andazi bila kulila. "Na ni kweli alimchapa. Alimchapa mbele ya pareti, shule nzima ikiona, kwa sababu ya kuchelewa, na jioni kwa nyumba hakumsemesha. Sikatai. Lakini mimi nataka aone baba yake vile nilimwona hiyo siku. Siku moja tu. Akishaona, akatae kuongea, sitasema kitu."

"Ni siku gani, Kukhu?" nikauliza.

"Siku ya mvua ya kwanza." Akaficha tabasamu kwa kiganja. "Mtaona. Sitaki kuwaambia, nataka hata nyinyi muone."

Projekta tulikuwa nayo. Mzee Barasa aliinunua kwenye mnada wa vyombo vya shamba moja la walowezi, akaitunza kwa mapenzi yasiyo na sababu. Mchana wa siku iliyofuata tukafunika dirisha kwa lile blanketi, tukabandika karatasi ya manila ukutani, nikasimamisha kamera yangu kando ya projekta. Nilirekodi manila tupu kama dakika kumi, nikitafuta pembe na mwanga, kabla Mzee Barasa hajaniambia yuko tayari. "Hii filamu imekauka," akasema. "Vitundu vya pembeni vitakatika. Itapita mara moja, haitapita tena. Usigeuke hata ukiitwa." Ikapita. Yeye hakuiona. Muda wote alikuwa ameinama juu ya mashine, vidole viwili vikiisaidia filamu kuingia, na nilisikia vitundu vikikatika kimoja kimoja kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Mimi niliona kwenye kioo kidogo cha kamera: wanafunzi kwenye mstari, kisha uso wa msichana umejaa picha nzima, anatazama kando kwa aibu, mtoto mgongoni, kisha watu wakirukaruka uwanjani. Dakika tatu. Ilipoisha, filamu ilikuwa vipande sakafuni. Mzee Barasa akaviokota vyote, akavirudisha kwenye mkebe, akaniambia, "Hii nayo iache vile iko. Weka kwa DVD hivyo hivyo."

Nilisema ndiyo. Halafu alipokwenda Misikhu siku tatu kupanda mahindi, nikakaa na picha ile nikaanza kuionea huruma. Ilikuwa imejaa mikwaruzo na vumbi, na chenga zilizochemka kila mahali, na kuelekea mwisho madoa meupe yaliruka mengi kiasi kwamba watu walionekana kama wako nyuma ya pazia. Nilimfikiria yule mama na mkebe wake. Nikataka aone picha ambayo hata mzungu mwenyewe hakuwahi kuiona. Programu yangu ilikuwa na akili moja tu: kitu kidogo kikionekana hapa, na katika picha inayofuata kisiwepo pale, basi ni uchafu, kitoe. Niliiacha ifanye kazi siku mbili mfululizo. Pale iliposhindwa nilisaidia kwa mkono, hasa kwenye uso wa yule msichana, uliokuwa na vidoa vilivyong'ang'ania, na nikavifuta kimoja kimoja mpaka ngozi ikawa laini. Nilipomaliza, anga lilikuwa jeupe, uwanja umetulia, watu wote wako wazi. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikafuta faili la kwanza ili kupata nafasi ya harusi inayofuata. Kanda nikaitupa kwenye droo. Msalaba sikuchora. Nilisahau tu, nikiwa na furaha.

Jumamosi hiyo Mzee Barasa alipitia dukani alfajiri, akachota kanda, akaenda kurekodi harusi Kachibora. Mimi nilikwenda Bungoma na DVD kwenye mkoba. Roselyne aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma vyeupe, ukutani kalenda ya kanisa na picha ya pasipoti ya Mwalimu iliyokuzwa mpaka macho yakawa matundu. Kuku alikuwa akipikwa jikoni. Kupitia mlangoni nikamsikia Roselyne akisema kwa sauti ya chini, "Nimekubali kuangalia, Mama. Kuongea sijakubali," na Kukhu akimjibu, "Angalia kwanza." Wakaja wakaketi. Kukhu alikuwa amevaa gauni lilelile la kanisani. Nikaweka diski, nikasimama kando nikiwatazama wao badala ya televisheni, maana nilitaka kuona nyuso zao zikifunguka.

Wanafunzi kwenye mstari. Msichana mwenye mtoto. Kukhu akainamisha kichwa upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha uwanja, na Mwalimu Wekesa akatokea, kijana mwembamba, akavua koti lake, akaanza kurukaruka akilipunga hewani. Watu wazima wote walikuwa wakiruka, mikono juu, wakikamata hewa tupu na kuitia vinywani. Mwalimu akayumba, akaanguka kwa goti, akainuka akicheka, akamwendea mtoto aliye mgongoni mwa mama yake akamsukumia vidole kinywani. Picha ikaisha.

"Alikuwa amelewa?" Roselyne akauliza.

Akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu ya zamani. "Si watu walikuwa wanasema anakunywa kisirisiri? Na mimi ananifanya nini? Ananiwekelea vidole kwa mdomo, amelewa?"

Kukhu Nasimiyu hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi. "Chiswa yangu iko wapi?" akasema.

Neno sikulijua. Nikamwuliza ni nini, na hata leo nasikia aibu ya kuuliza vile. "Kumbikumbi!" akasema, mikono imeinuka. "Mvua ya kwanza ilinyesha, wakatoka kwa kichuguu kando ya ofisi, wengi mpaka huoni shule! Mwalimu aliacha darasa. Yeye! Akaacha darasa, akavua koti. Wako wapi?" Nikaelewa papo hapo. Kwetu kumbikumbi walikuwa chakula cha kuku. Tuliwafagia asubuhi chini ya taa. Haikuwahi kunijia kwamba mtu mzima mwenye koti angeweza kuruka kwa ajili yao, wala kwamba yale madoa meupe niliyoyapiga vita siku mbili yalikuwa na mabawa.

Nikamwambia ukweli, kwamba nimewafuta mimi, na kwamba ile picha yenyewe bado iko kwenye kanda. Kisha nikakumbuka droo, nikakumbuka msalaba. Nilimpigia Mzee Barasa mara sita. Simu ilikuwa imezimwa, kama alivyoizima siku zote akiwa kanisani. Nikashika mkoba. Kutoka kwenye nyumba ya watu kuku akiwa jikoni ni utovu wa adabu, na nilianza kujieleza, lakini Kukhu akanisukuma begani. "Kwenda. Kuku itangoja."

Nilifika Kachibora karibu saa tisa, na njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu mambo madogo madogo, kama vile padri achelewe, au mvua inyeshe. Chini ya mahema watu walikuwa wakila mukimo na nyama. Mzee Barasa alikuwa mezani na sahani yake, na kamera chini ya kiti, imefunikwa kitambaa.

"Kanda gani iko ndani?" nikamwuliza, bila hata salamu.

"Ya pili. Nimeanza kuitumia saa hii tu, kwa hotuba. Mjomba wa bibi harusi ameongea mpaka watu wakaanza kupiga miayo, halafu chakula ikakuja nikazima. Kwani?"

Nilimweleza. Akafuta mikono, akachukua kamera, akarudisha kanda nyuma kidogo, akaweka jicho. Nilisikia mjomba ndani ya kile kispika kidogo akisalimia mbari zote, moja moja, akitoa shukrani, akiahidi ng'ombe. Sauti ikakatika. Mzee Barasa akabaki na jicho kwenye kioo, na mdomo wake ukaanza kufunguka. "Chiswa," akasema. "Wambui! Hizi si chenga, hizi ni chiswa! Ona huyo mwalimu, ona!" Akanipa kamera. Kwenye kioo kidogo kama stempu niliwaona, maelfu, wakimeremeta, na Mwalimu Wekesa katikati yao akipunga koti. Tulicheka, nikalia, tukacheka tena, na maharusi wakatutazama. Halafu Mzee Barasa akauliza, "Mwanzo iko wapi?" Mwanzo ulikuwa umeliwa. Zile dakika kumi za manila tupu zilikuwa zimeikinga filamu, lakini mjomba alizungumza dakika kumi na moja na zaidi, na wanafunzi kwenye mstari na uso wa yule msichana walikuwa sasa chini ya salamu zake. Kama chakula kingechelewa kidogo tu, tungepoteza vyote. "Ni mimi nimerekodi," Mzee Barasa akasema. "Ni mimi sikuweka msalaba," nikamjibu. Akatoa kalamu mfukoni, akachora msalaba mwenyewe, kisha akarudi kwenye mukimo wake bila kunilaumu, na kosa lenyewe lingekuwa rahisi zaidi kulibeba kama angenilaumu.

DVD ya pili tuliitengeneza pamoja. Mwanzo ulibaki ule niliousafisha, kwa kuwa haukuwepo mwingine, na kuanzia uwanjani ikaingia picha ya kanda kama ilivyo. Unaona kabisa mahali zinapokutana. Picha imetulia, imetulia, halafu ghafla kila kitu kinaanza kupumua. Mzee Barasa alishika kalamu muda mrefu juu ya jalada, asijue aandike U, C au M, mwishowe akalirudisha bila herufi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye makochi yale yenye vitambaa vya kufuma. Roselyne aliketi ukingoni, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri majibu hospitalini. Kumbikumbi walipojaza kioo alitoa sauti ndogo. Baba yake akaruka, akakamata, akala, akacheka huku akionyesha pengo la jino ambalo picha ya ukutani haikuwahi kulionyesha. Akamwendea mtoto mgongoni mwa mama yake, na safari hii tuliona vidole vyake vikifanya kitu kwanza: vilichomoa mabawa ya kumbikumbi mmoja, moja, la pili, la tatu, la nne, polepole, na vikaangalia kama yameisha yote. Ndipo vikamtia kumbikumbi kinywani mwa mtoto.

"Alikuwa ananilisha," Roselyne akasema.

"Ulikuwa na meno mawili tu," Kukhu akasema. "Nilimwambia utakabwa. Akasema huyu ni mtoto wangu, atatafuna."

Roselyne akairudisha. Akairudisha mara nne, tano, na mara ya mwisho aliinuka akaenda kuketi sakafuni karibu kabisa na kioo, mahali pangu pa kule dukani, na sikuweza kumtazama. Hakusema lolote kuhusu ibada, wala mama yake hakumwuliza. Kila alipoirudisha ilianzia mwanzo, na kila mara yule msichana mwenye uso laini alitazama kando kwa aibu, mpaka Kukhu akamwonyesha kwa kidole.

"Na huyu ni nani?"

Nilidhani anatania. "Ni wewe, Kukhu."

"Hapana. Mimi nilikuwa na ndui."

Ilibidi nimwambie na hilo. Nilimwambia kwamba nilidhani ni uchafu, kwamba nilivifuta kimoja kimoja kwa mkono wangu, na kwamba pale palipokuwa na uso wake sasa pana mtu wa Kachibora anayeahidi ng'ombe. Nilimwomba msamaha. Kukhu akajigusa shavu. "Mwalimu alikuwa anazihesabu hizi alama na kidole," akasema. "Alisema ziko kumi na moja. Mimi nasema ni kumi. Tulibishana mpaka akakufa." Kisha akanigeukia. "Umekuja na kamera?"

Nilikuwa nayo. Nikaweka kanda mpya, nikasogeza kiti chake karibu na dirisha. Nje mawingu yalikuwa yamejikusanya na mwanga ulikuwa hafifu, na katika kioo uso wake ulijaa chenga, ukachemka, nami sikuongeza taa. Akaanza kuweka kidole shavuni: hapa, na hapa, na hapa. Roselyne akainuka kutoka sakafuni, akaja akainama mbele yake mpaka akaingia kwenye picha, akauondoa mkono wa mama yake taratibu, akaanza kuhesabu upya kwa kidole chake mwenyewe, kwa sauti, shavu la kulia, la kushoto, mpaka nyuma ya taya karibu na sikio, mahali ambapo mtu hawezi kujiona kwenye kioo.

"Ni kumi na moja, Mama," akasema. "Baba alikuwa sawa."

Akaenda jikoni kuleta kuku. Nikazima kamera, nikatoa kanda, nikaichora msalaba pande zote mbili kabla ya kunawa mikono.